Silabi Moja Tu

Kosa langu lilikuwa kushika penseli. Mgeni wetu wa asubuhi ile alikuwa afisa wa shirika moja lenye jina la maneno sita na kifupisho chake, na tangu taa nyekundu iwake hakuwa amemaliza sentensi bila kulitaja. Nikaanza kuchora vijiti pembeni mwa karatasi ya maswali, kama karani anayehesabu magunia yanayopanda lori: vinne wima, cha tano kinakatiza. Dakika 12 za mahojiano zilipokwisha nilikuwa na mafungu matano na vijiti viwili vya peke yao. Mara 27. Mgeni akatoka studio ameridhika, akanipa mkono kwa mikono yote miwili, akaniachia fulana na kalenda ya mwaka ambao ulikuwa umeshafika Julai.

Nusu saa baadaye simu ya mapokezi ikalia. Mzee mmoja alitaka kujua atawapataje "wale watu wa mbegu". Nikamuuliza, wa shirika gani, baba? Akakaa kimya kidogo.

"Si huyo aliyekuwa akiongea hapo sasa hivi," akasema. "Kuna jina alikuwa analitaja taja."

Nilikaa upande wa anayeuliza kwa miaka 11, katika redio moja ya mkoani kwenye pwani ya Tanzania. Kisha nikahamia upande wa anayeulizwa, nikawa msemaji wa taasisi, na yale niliyokuwa nikiyahesabu kwa penseli nikaanza kuyatenda kwa mdomo. Kwa hiyo ninaposifu ustadi wa kuitangaza kazi yako katika mahojiano bila kuonekana unaitangaza, sisifu kitu nilichozaliwa nacho. Nasifu kitu kilichonipita mbele ya macho mara nyingi kabla sijakiona.

Kiswahili hakijaupa ustadi huu jina zuri. Jina baya lipo: kujipigia debe. Debe lenyewe sote tunalijua, lile la bati, la lita 18, lililokuja na mafuta ya taa likabaki kupimia mahindi, kutekea maji na kupigwa kwa fimbo sokoni. Mpiga debe wa stendi simchukii hata kidogo. Anasifu basi lisilo lake, breki zake hazijui, na likishajaa anapewa chake anaruka chini. Anayejipigia debe ana kazi ngumu kuliko huyo, maana yeye ndiye basi, ndiye dereva, na ndiye anayening'inia mlangoni akiita. Abiria akimtazama vizuri anajiuliza mbona gari zuri namna hii bado lina viti.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Nimelelewa na methali hii, na kwa muda mrefu niliishika kama mizani. Siku hizi naona imesema nusu. Nimeona vyema vingi vilivyokaa ghalani vikingoja kujiuza mpaka panya wakavinunua. Nimeona zahanati yenye mkunga hodari ambaye kijiji cha tatu kutoka hapo hawajamsikia; nimeona chama cha akiba na mikopo ambacho hakijawahi kumdhulumu mtu na kina wanachama 19. Methali haikukiagiza chema kikae kimya. Ilikikataza kujitembeza. Baina ya kujiuza na kujitembeza pana njia nyingine, ya kutembezwa na wengine kwa hiari yao, kwa kuwa umewapa kitu cha kubeba.

Wala si kweli kwamba mila zetu zote zinamziba mtu mdomo. Kule Kagera, kwa Wahaya na Wanyambo, shujaa alisimama mbele ya Mukama, mfalme wao, mkuki mkononi, akatamba kwa majigambo ya ushairi: wapi alipigana, nani alimkimbia. Ila pale kila aliyehudhuria alijua kinachofanyika. Mapigo ya maneno yenyewe yalikuwa yanaonya kwamba sasa ni majigambo, tega sikio kwa kipimo chake. Kwenye redio hakuna mkuki. Kuna mama anaosha vyombo, kuna kondakta anahesabu chenji, kuna mwanafunzi aliyechelewa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja kwenye ngoma yako.

Aliyenionyesha ile njia nyingine ni bibi mmoja mkulima wa mwani, katibu wa kikundi cha kina mama. Alifika saa mbili na nusu asubuhi, mkoba wa ukili begani. Studio yetu ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kuua mwangwi, na feni tuliizima kila taa nyekundu ilipowaka, kwa sababu hewani ilisikika kama mashine ya kusaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Humu mmeziba madirisha yote, mnaficha nini?"

"Bodaboda, mama. Zinaingia hewani."

Fundi mitambo akamwomba aseme chochote ili apime sauti. Wageni wengi huhesabu moja, mbili, tatu. Mameneja husema "haloo, haloo". Yeye akaeleza alichostaftahi: chai ya mchaichai na kiporo cha muhogo, na kwamba mjukuu wake alikuwa ametia sukari kama wako harusini. Fundi akaniinulia dole gumba. Sauti ilikuwa tayari, na tayari ilikuwa inaongea na mtu.

Nikaanza na swali ambalo kila mtangazaji mvivu analo kwenye mfuko wa shati: karibu mama, hebu tueleze kuhusu kikundi chenu. Swali hilo ni mlango uliofunguliwa kwa matangazo ya kila aina: mwaka wa usajili, idadi ya wanachama, dira, dhima, wafadhili, shukrani kwa mheshimiwa mkuu wa wilaya.

"Mwanangu," akasema, "leo mwezi una siku ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa hewani, mtoto wa pwani, na sikujua.

"Tatu," akanisaidia. "Ni bamvua. Saa nne maji yatakuwa yametoka yote. Wenzangu sasa hivi wanashuka."

Na kuanzia hapo akatushusha na sisi. Akaeleza vigingi vinavyogongwa mchangani, kamba inayokazwa baina yake, na taitai, zile kamba ndogo zinazoshika kila kitawi cha mbegu. Akasema mbegu yenyewe ilitoka Ufilipino, na Unguja walianza kuilima kwa biashara mwaka 1989, Paje na Jambiani. Akaeleza kotonii, mwani mnene wenye bei nzuri, na spinosamu, ule mwembamba wa bei ya chini. Na kwamba ule wa bei nzuri ndio unaokufa maji yakipata joto, unapauka kwenye matawi, unakatika, unakwenda na mawimbi. "Zamani tukifunga leo, wiki sita tunavuna. Sasa tunafunga tukiomba Mungu."

Kisha akatia mkono kwenye mkoba, akatoa fungu la mwani mkavu, akalikung'uta juu ya meza yangu, mbele kabisa ya maiki. Chumvi ikadondoka. Hewani ilisikika kama manyunyu juu ya makuti.

"Umesikia? Chumvi hiyo na mchanga wake, mnunuzi analipia kilo, akifika kwake hana mwani. Mwani mzuri ukiukung'uta haudondoshi kitu. Huu nimeuleta makusudi. Tunaouza tunaukung'uta mara mbili, kwanza kwenye chanja, tena kabla ya kushona gunia."

Tazama alichofanya hapo. Hakusema mwani wao ni bora. Neno bora hakulitumia asubuhi nzima. Alitupa mizani, akatufundisha kuisoma kwa masikio, ndipo akapitisha gunia lake juu yake kama mtu anayepita tu. Mnunuzi yeyote aliyekuwa anasikiliza alikuwa ameshajua cha kuuliza akifika kwa wengine, na jibu analotaka kulisikia.

Nikamuuliza kuhusu sabuni, maana nilikuwa nimesikia wanatengeneza. Akaanza na ile ya kwanza kabisa, iliyoharibika. Kostiki ilizidi. Waliosha nayo mikono wao wenyewe, ikawachubua, wakaifukia shimoni ndoo nzima pamoja na mafuta ya nazi waliyokopa. Sasa wanaipima kwa mizani ya jikoni, na sabuni ikishakatwa wanaiacha ikae wiki nne kabla ya kuipeleka dukani. Mjukuu akiuliza kwa nini ngojangoja yote hiyo, anaonyeshwa kovu kwenye kidole cha mwenyekiti. Hadi leo sijasikia tangazo la sabuni linalonishawishi kama kovu lile, ambalo hata sikuliona.

Simu zililia mpaka adhuhuri. Waliuliza sabuni, waliuliza taitai zinauzwa wapi, mwalimu mmoja wa jiografia akaomba bibi aende shuleni kwake kueleza bamvua.

Usiku ule nikarudia rekodi, penseli mkononi. Jina la kikundi, kutoka mdomoni mwake: hakuna kijiti hata kimoja. Lilitajwa mara tatu, na mara zote tatu nililitaja mimi. Lakini nilipobadilisha ninachohesabu, karatasi ikajaa pande zote mbili. Tulishuka. Tukafunga. Tukakosea. Tukafukia. Tunapima. Tunakung'uta. Kikundi chote kilikuwa ndani ya kila kitenzi, kimejikunja kwenye silabi moja: tu.

Tangu hapo nimekuwa nikiitazama silabi hiyo kama fundi anavyoitazama patasi. Kiswahili kinamruhusu mtenda kazi kuingia ndani ya kazi yake na kufunga mlango. Huhitaji kumtaja nje. Ukisema "tukafunga" umeshasema nani, na sikio limeshakwenda kwenye kamba. Yule afisa wa mara 27 alisema "shirika letu liliweza kuwajengea uwezo wanufaika". Sikiliza li- ile: ndiyo ya gari, ndiyo ya jiwe, ndiyo ya jino lililong'oka. Taasisi nayo hupewa i-, sawa na nyumba iliyofungwa kufuli. Sarufi yenyewe inatwambia humo hamna mtu. Tu- ina watu, tena ina mikono iliyochubuka.

Ongeza -ka- ya masimulizi, inayovuta kitenzi kwa kitenzi kama kamba ya mwani, na msikilizaji hapati mahali pa kushukia. Na kuna hila nyingine, ambayo nadhani bibi hakuifikiria ila aliiishi. Lugha nyingine zina "sisi" mbili, moja ya kumtoa nje unayesema naye na moja ya kumwingiza. Kiswahili kina moja. Mtu akisema hewani "tukishajua kusoma mwezi, hatupotezi siku", mama aliye kwenye vyombo vyake anajikuta ameshaingia majini, gauni limepandishwa, bila kuulizwa kama ni mwanachama.

Mfano mkubwa wa ustadi huu Afrika Mashariki, kwangu mimi, ni Profesa Wangari Maathai. Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa safarini kuelekea jimboni kwake Tetu alipopigiwa simu kwamba amepata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Akasimama kwenye hoteli ya Outspan, Nyeri, na waandishi wa habari wakamkuta huko. Mimi ningeomba meza, bango lenye nembo nyuma yangu, chupa za maji zilizopangwa, na taarifa ya kurasa mbili inayoanza na maneno "Shirika lilianzishwa mwaka 1977". Yeye alitaka mche. Wakamtafutia Nandi flame, mti wa maua ya rangi ya moto, akapiga magoti akaupanda, mikono kwenye udongo mwekundu, Mlima Kenya mbele yake.

Hebu jiweke mahali pa mpiga picha siku ile. Upige picha gani isiyokuwa na mti ndani yake? Green Belt Movement, ambayo kufikia hapo ilikuwa imeshapanda miti zaidi ya milioni 30 kwa mikono ya wanawake wa vijijini, ikazunguka dunia kwenye picha hizo bila nembo wala herufi. Wapo watakaosema hakuwa anajitangaza, alikuwa amefurahi tu. Sawa. Lakini kuna watu wakifurahi hufungua chupa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1989, chama tawala kilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, alimwandikia balozi wa Uingereza akimtaka afikirie jengo la namna ile ndani ya Hyde Park. Hakuhitaji kueleza ekari wala historia. Aliichukua bustani ya msikilizaji mwenyewe, akaiweka mezani, na jengo halikujengwa. Februari 2005 alikwenda Japani, na katika mahojiano na gazeti la Mainichi akakutana na neno la wenyeji, mottainai, lenye ile simanzi ya kuona kitu cha thamani kikipotea bure. Mwezi uliofuata alikuwa analisema Umoja wa Mataifa, New York. Sisi wengine tunaingia kwenye mahojiano na maneno yetu mfukoni na hatutulii mpaka yote yametoka. Yeye alitoka na neno la mwenyeji. Wajapani wakalipokea tena kutoka kwake kama zawadi, na miti yake ikaingia nalo.

Mwalimu Nyerere naye alijua jinsi neno moja linavyobebeka. Mwaka 1995, miaka 10 tangu aache urais, alizungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam kuhusu nchi iliyopata nyufa. Mazungumzo yalikuwa marefu, na mengine mengi aliyoyasema yamesahaulika. Nyufa bado tunazo, kwenye maneno yetu.

Kuna mambo madogo ya upande wa mtangazaji ambayo wageni hawayajui, na kutoyajua ndiko kunakowafanya wahangaike. Kukutaja ni kazi yangu. Nitakutaja nikifungua, nitakutaja katikati kwa ajili ya aliyewasha redio akichelewa, nitakutaja nikifunga. Kwenye televisheni jina na cheo vinakaa chini ya kidevu chako muda wote unaoongea, kwa herufi kubwa. Ukilirudia wewe unanipokonya jembe, na msikilizaji anasikia majembe mawili yakigongana. Unachoweza kufanya, na kina thamani kuliko fulana, ni kuniletea siku moja kabla karatasi yenye mistari mitatu: jina lako linavyotamkwa, taasisi yako kwa jina fupi ambalo mtu wa kawaida analiweza, na mahali unapopatikana. Vipeperushi sivisomi. Mistari mitatu naisoma, tena naisoma hewani kama ilivyo. Waandishi wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na wa ile ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963, wamekuwa majina ya nyumbani kwetu kwa kujitaja mara moja mwishoni mwa ripoti, jina na mji, basi. Babu yangu alikuwa na betri za kuhesabu na bado aliwajua wote.

Nilipogeuka msemaji, hayo yote niliyasahau kwa siku moja. Mkurugenzi alinipa karatasi ya "ujumbe muhimu", vipengele vitatu, nikaikunja mfukoni kama hirizi. Mtangazaji wa televisheni, dada mpole mwenye sauti ya chini, akaniuliza kwa nini wakulima waliotuuzia mazao msimu uliopita bado hawajalipwa. Nikajibu, "Hilo ni swali zuri sana," nikavuka moja kwa moja hadi kwenye kipengele cha kwanza. Akauliza tena. Nikasema "kama nilivyotangulia kusema", nikaenda kwenye cha pili. Jioni nilikwenda kwa mama kuangalia kipindi pamoja naye. Alitazama hadi mwisho huku anachambua mchele, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Yule dada alikuuliza deni, wewe ukamjibu sherehe."

Wenye kufundisha kazi hii huiita mbinu ile daraja: unaulizwa la kwao, unavuka hadi la kwako. Hawasemi vya kutosha kwamba daraja husimama kwenye kingo mbili. Ukingo wa kwanza ni swali lenyewe. Ningesema: ni kweli, hatujawalipa, tumechelewa miezi miwili, fedha zimekwama mahali fulani, na wiki ijayo nitakuja kukwambia kama zimetoka. Kisha, kama nafasi ingekuwepo, ningeeleza jinsi tulivyoanza kupima mazao mbele ya mkulima mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa zuri kweli na ambalo siku ile hakuna aliyelisikia, kwa kuwa kila mtu sebuleni alikuwa bado amesimama ng'ambo ile na deni lake. Bibi wa mwani alianza na ndoo iliyofukiwa shimoni. Mimi nilikuwa na shimo lililo wazi na nikajaribu kulifunika kwa jamvi.

Hapa pana jambo linalonisumbua, na sitalipita. Kama ustadi ni kusema bila kusema, tofauti yake na udanganyifu iko wapi? Kwenye hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa akiwa kifungoni Pate, anampelekea mama yake ujumbe kwa kinywa cha kijakazi Saada: aoke mkate mzuri na mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa. Walinzi wanakula ule mzuri, wanamwachia mfungwa makapi, na tupa inakata minyororo. Nimewasikia watu wa mawasiliano wakiipenda hadithi hii kupita kiasi, kana kwamba mahojiano ni mkate na wao wana tupa ya kupitisha. Liyongo alikuwa na haki ya hila yake. Alikuwa anakwenda kuuawa. Msikilizaji wa redio si askari wa gereza. Kipimo changu ni hiki: nikimwambia wazi, mama, nilipoeleza jinsi ya kukung'uta mwani nilitaka pia ununue wa kwetu, atacheka au ataona ameibiwa? Bibi angeweza kuyasema hayo hewani na kila mtu angecheka. Anayempa mwandishi bahasha ya kaki na kuiita nauli, ili mahojiano yaonekane mahojiano na maswali yawe yameshapikwa, huyo ana tupa kwenye mkate. Namjua kwa sababu bahasha ziliwahi kupita juu ya meza ile ile yenye chumvi, na nisingependa mtu anihesabie kwa penseli nilizozirudisha.

Siku ya mwani, taa nyekundu ilipozimika, niliwasha feni na kumsaidia bibi kurudisha vitu vyake mkobani. Nilikuwa nimeshaanza kujenga nadharia kichwani, kama mnavyoona, na nilitaka mwenye kazi aithibitishe. Nikamuuliza: mama, mbona kikundi chenu hukukitaja hata mara moja?

Alikuwa anatafuta ndara yake ya kushoto chini ya meza.

"Kwani jina lenyewe nalikumbuka?" akasema. "Alituchagulia bwana mmoja wa mradi, refu, nusu Kizungu. Wewe si ulikuwa umeliandika?" Akaipata ndara, akaivaa, akatazama saa ya ukutani. "Saa ngapi hiyo, nne kasorobo? Nikipata gari sasa hivi nawakuta bado hawajatoka majini."

Akatoka. Fundi mitambo akaingia, akakuta chumvi imetapakaa mezani, mpaka kwenye sponji ya maiki. Akazungusha macho kutafuta kitu cha kuizolea. Kalenda ya shirika lile lenye jina refu ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Akaing'oa, akaikunja katikati, akaanza kukusanya chumvi kuelekea ukingoni, polepole, na mapokezi simu ikaanza kulia.